Kababu za Kitaliani: Hukumu Yake na Upishi Wake



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, wiki hii ukumbi wetu umeletewa swali kutoka jikoni. Mama mmoja anatuandikia kuwa binti yake, aliye kidato cha pili, amekuwa akiomba chakula cha Kitaliani ambacho wenzake shuleni wanakisifu: madonge ya nyama ya kima yaliyopikwa ndani ya rojo la nyanya. Mama aliridhia, kwani nusu kilo ya kima ni nafuu kuliko kuku mzima. Baba wa nyumba akakataa. Alisema hicho ni chakula cha watu wasio wa dini yetu, na nyumba inayoanza kwa kula kama wao itaishia kwa kuishi kama wao. Tangu siku hiyo, anasema mama, binti hali na wenzake, na mezani hapana mazungumzo.

Anauliza mambo mawili. Je, chakula hicho kina katazo katika sharia? Na kama hakina, hupikwaje nyumbani bila ya kuingiza kilichoharamishwa? Nitajibu yote mawili kwa uwezo wake Mola.

Kaida inayojulikana hata na wanafunzi wetu wa chuoni ni kwamba asili ya vyakula ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Vilivyokatazwa vimetajwa: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na vileo. Katika orodha hiyo hamna jina la nchi wala la kabila. Wanazuoni wanapoonya juu ya kujifananisha na wasio Waislamu, hukusudia hasa yale yaliyo alama ya dini zao na yale yanayowahusu wao peke yao. Donge la nyama ndani ya mchuzi si alama ya dini ya mtu yeyote.

Tena tunao mfano wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba aliandaliwa nyama ya dhabbi, mnyama wa jangwani mfano wa kenge, nyumbani kwa Bibi Maimuna. Alipojulishwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid aliyekuwapo akauliza kama nyama hiyo ni haramu. Mtume akambainishia kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta akaila, na Mtume akimtazama. Baba wa nyumba hii ana haki ile ile. Anaweza kusema kwamba chakula hiki si cha kwao na nafsi yake haikitaki, na hapana wa kumlazimisha. Lakini kutokipenda ni jambo moja, na kukizuilia wengine kwa jina la dini ni jambo jingine linalohitaji dalili.

Napenda pia baba azingatie chakula hiki kimetoka wapi, maana huenda kikawa si kigeni kama kinavyodhaniwa. Madonge ya nyama iliyopondwa, sisi wa pwani tunayaita kababu, na hatukulitunga jina hilo wenyewe. Lilitufikia kutoka nchi za Waislamu za mashariki pamoja na upishi wake. Mwaka 1226 Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika mjini Baghdad kitabu cha mapishi ambacho mna vyakula vya mchuzi vyenye madonge ya nyama iliyopondwa na kutiwa viungo. Waitalia nao wana madonge yao, huyaita polpette. Pellegrino Artusi, ambaye kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1891 kilienea katika nyumba nyingi za Italia, aliwaambia wasomaji wake kuwa haoni haja ya kuwafunza polpette, kwani hapana asiyezijua. Alichotaka kuwaonyesha ni namna ya kuzipika kwa nyama ya kuchemsha iliyobaki. Basi asili yake ni chakula cha nyumba inayotunza masalio yake.

Ama nyanya, au tungule kama wanavyoziita wengi wetu, asili yake si Italia wala Afrika. Zilitoka bara la Amerika, kama yalivyotoka mahindi, muhogo na pilipili. Zilifika Italia katika karne ya 16, na mapishi ya rojo lake yakachapishwa mjini Napoli mwishoni mwa karne ya 17. Ikiwa wazee wetu waliupokea muhogo wa watu wa mbali wakautia nazi ukawa wetu, hatuna sababu ya kuliogopa rojo la nyanya.

Tena wapo Waislamu waliotutangulia katika jambo hili. Ndugu zetu Wasomali wa sehemu zilizowahi kutawaliwa na Italia walizipokea tambi na mchuzi wake, wakaziita baasto na suugo kutokana na maneno ya Kitaliani. Waliondoa yasiyofaa, wakatia nyama iliyochinjwa kisharia na viungo vyao, na leo chakula hicho huliwa katika nyumba za Waislamu bila ya mtu kuona haya. Na sisi wenyewe tunakaa na Waitalia. Tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wengi wamefanya maskani Malindi na Watamu, na wako vijana wetu wanaokisema Kitaliani bila ya kuikanyaga Italia. Vyakula vyao viko karibu na watoto wetu, tupende tusipende. La muhimu ni kujua kilichomo ndani ya chungu.

Hapa ndipo wasiwasi wa baba unapostahili kusikilizwa, kwa sababu katika chungu cha Kitaliani mnaweza kuwa na vitu vitatu visivyotufaa.

Cha kwanza ni nyama yenyewe. Aghalabu Waitalia huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, na wengine husaga ndani yake soseji iitwayo mortadella, ambayo asili yake ni nguruwe. Kwa hivyo mahali ambapo mpishi na mchinjaji hawajulikani, jina la chakula halitoshi, lazima kuuliza. Nyumbani, jambo hili limekwisha pindi nyama inaponunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu na kusagwa mbele ya macho ya mnunuzi.

Cha pili ni mvinyo. Wapishi wengi humimina kikombe cha mvinyo ndani ya rojo, na wapo wanaotutuliza kwa kusema kuwa moto huondoa kileo chote. Sivyo. Idara ya Kilimo ya Marekani ina majedwali ya jambo hili: chakula kilichotiwa kileo kikatokota kwa nusu saa hubakiwa na takriban asilimia 35 ya kileo hicho, kikitokota saa moja, asilimia 25, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Juu ya hayo, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mvinyo ni najisi, na kuununua na kuuingiza nyumbani kwenyewe kumekatazwa. Badala yake ipo siki, ambayo Mtume aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Kijiko kikubwa kimoja cha siki hulipa rojo ule ukali mwepesi ambao mpishi wa Kitaliani aliutafuta kwenye mvinyo.

Cha tatu ni jibini. Waitalia hukuna jibini ngumu wakaitia ndani ya nyama na kuinyunyiza juu ya chakula. Jibini yao mashuhuri, Parmigiano Reggiano, hugandishwa kwa kigandisho kinachotolewa katika tumbo la ndama. Kigandisho cha mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi kwa Imamu Shafi, na kwa Imamu Abu Hanifa ni tohara. Kwa kuwa wanazuoni wamekhitalifu, sitamhukumu aliyefuata kauli nyingine, lakini njia ya salama ni nyepesi: tumia jibini iliyoandikwa kuwa ni halali au iliyogandishwa kwa kigandisho kisicho cha mnyama, au iache kabisa. Kababu hizi hazipungukiwi kwa kuikosa, ila utaongeza chumvi kidogo.

Na anayenunua rojo lililokwisha kutengenezwa, la chupa au la mkebe, asome maandishi yake. Bidhaa nyingine huja na maneno ya Kitaliani pekee. Vino ni mvinyo, maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta ya nguruwe, na caglio ni kile kigandisho cha jibini. Maneno manne tu, mtoto wa shule anaweza kuyahifadhi.

Sasa tuingie jikoni. Vipimo hivi ni vya watu sita.

Kwa kababu, chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyokonda sana, kwani nyama isiyo na mafuta hata kidogo hutoa kababu kavu. Ioshwe na kuchujwa maji kabla ya kusagwa, si baada yake. Kima iliyooshwa hubeba maji na madonge yake hupasuka. Chukua boflo la jana, vipande vinne, uondoe ganda upate kiasi cha gramu 100. Uloweshe katika nusu kikombe cha maziwa kwa dakika kumi, kisha uukamue kidogo na kuuponda kwa uma. Ongeza yai moja, kitunguu maji kidogo kilichokunwa, chembe mbili za thomu zilizopondwa, kotmiri iliyokatwa ndogo ndogo, kijiko kidogo cha chumvi na nusu kijiko cha pilipili manga.

Changanya vyote hivi kwanza, ndipo utie nyama. Tumia ncha za vidole, na uache mara tu vinapoungana. Nyama inayokandwa kama unga wa chapati hunata na kukaza, na kababu huwa ngumu. Mkate wa maziwa una kazi hiyo hiyo ya kulainisha: huushika unyevu ndani na kuizuia nyama isijikaze motoni. Lowesha viganja kwa maji, finyanga madonge 24 ya ukubwa wa ndimu ndogo, uyaweke mahali pa baridi kwa nusu saa yashikane.

Kwa rojo, chukua nyanya mbivu kilo moja. Zitumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, uzimenye na kuzikata ndogo ndogo. Zikiwa zimepanda bei sokoni, mikebe miwili ya gramu 400 itatosha. Pasha vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya zeituni, au mafuta yoyote ya kupikia uliyonayo, utie kitunguu maji kimoja kilichokatwa. Kipike kwa moto mdogo mpaka kilainike bila ya kugeuka rangi. Tia chembe tatu za thomu, koroga kwa dakika moja, kisha nyanya, kijiko kidogo cha chumvi na kile kijiko cha siki. Liache litokote taratibu kwa dakika 20. Nyanya zikiwa kali mno, ongeza sukari kidogo sana.

Wakati rojo linatokota, kaanga madonge katika mafuta machache, ukiyageuza mpaka yapate rangi ya hudhurungi pande zote. Usijali kama ndani hayajaiva. Yaingize ndani ya rojo, funika nusu, na uyaache kwa moto mdogo kwa dakika 25. Kabla ya kupakua, kata donge moja la katikati ya sufuria: lisibaki na wekundu hata kidogo. Nyama ya kipande hushika vijidudu kwa nje zaidi, lakini nyama iliyosagwa huvichanganya mpaka ndani, kwa hivyo haifai kuliwa ikiwa mbichi mbichi.

Epua, kisha tia juu majani kumi ya mrihani uliyoyachana kwa mkono. Naam, ni rihani ile ile ambayo mama zetu huichanganya na asumini katika vikuba. Waitalia huila, na harufu yake huamka inapokutana na rojo la moto. Mama asiharakishe kutia bizari. Chakula hiki kimejengwa juu ya nyanya, thomu na rihani. Akipike hivyo mara ya kwanza, akijue, kisha mara ya pili akitengeneze atakavyo. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Kuhusu cha kula nacho, Waitalia wenyewe kwa kawaida huzila polpette peke yake, pamoja na mkate wa kuchovya. Kuzipanga juu ya tambi kulienea zaidi kwa Waitalia waliohamia Marekani. Tambi nazo zina historia na Waislamu: mwaka 1154 Sharif al-Idrisi aliandika kuwa katika kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, kisiwani Sisilia, tambi zilikuwa zikitengenezwa kwa wingi na kusafirishwa kwa majahazi. Nyumba zetu zinaweza kuzila kababu hizi kwa wali mweupe, kwa mkate wa mofa au kwa chapati. Zikibaki, zisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali letu la pwani isizidi saa moja. Ndani ya friji hukaa siku tatu.

Niseme neno juu ya faida ya chakula hiki katika hali ya maisha ya leo. Nusu kilo ya nyama kwa watu sita ni kama gramu 83 kwa kila mmoja. Ukitia mkate, maziwa, yai na kitunguu, mchanganyiko hupita gramu 750, yaani gramu 125 kwa kila mmoja, na boflo la jana ambalo lingetupwa limekuwa kitoweo. Mtume ametufunza kwamba chakula cha wawili hutosha watatu, na akamuusia Abu Dhar aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani. Rojo hili linakubali wasia huo bila ya kuharibika. Likiongezwa maji nusu kikombe na madonge yakafinyangwa madogo zaidi, bakuli moja linaweza kuvuka ua kwenda kwa jirani, naye akalipata lingali na moto.

Nimalizie kwa watu watatu wa nyumba hii.

Mama, jibu hili lisiwe fimbo. Usimsomee mumeo mbele ya watoto, wala usimwambie kuwa sheikh amekupa ushindi. Hofu yake kuhusu dini ya watoto wake ni hofu njema, ila imeelekezwa pasipo pake. Zungumza naye mkiwa wawili, na siku utakayopika kababu hizi, mpikie na kile anachokipenda.

Baba, Mtume hakupata kukitia aibu chakula. Alikula alichokitamani na akakiacha asichokitamani. Fikiri pia kuwa binti aliyenyimwa chakula nyumbani hajakisahau. Atakitafuta kwingine, mahali ambapo hapana amjuaye mchinjaji wala anayeuliza kuhusu mvinyo. Kama unataka kuilinda dini yake katika jambo hili, lichukue wewe liwe lako: nenda buchani mwenyewe, chagua nyama, simama isagwe mbele yako, na ulete nyumbani. Bibi Aisha ametupokelea kuwa Mtume alikuwa akishughulika na kazi za watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa Sala ufike. Haikumpunguzia hadhi.

Nawe binti, baba akishaleta nyama, kazi ya kuponda mkate na kufinyanga madonge 24 ni yako. Yahifadhi yale maneno manne ya Kitaliani, ili siku utakayoalikwa nje ya nyumba ujue cha kuuliza kabla ya kula. Na ukae mezani na wenzako, hata siku ambayo chakula kilichopo si ulichokiomba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu, azikusanye nyoyo za watu wa nyumba zetu juu ya sahani moja, na atukinge na haramu, ya wazi na ya siri. Wabillahi tawfiq.